Kulala Juu ya Mahindi

Katika nyumba ya Anselmo, pale Lizaboni, chumba kizuri kuliko vyote hakikuwa cha watu. Kilikuwa cha mahindi.

Zamani kilikuwa chumba cha watoto. Kilikuwa na dirisha dogo na sakafu ya saruji. Ukuta wake mmoja ulipakana na jiko, kwa hiyo kilikuwa na joto. Kwa baridi ya Songea, chumba chenye joto ni cha kugombewa. Lakini mwaka uliopita wezi walivunja stoo ya nje wakabeba magunia ya mahindi. Anselmo aliapa kwamba mwizi mwingine hatapata hata punje. Alipovuna tena, aliyaingiza mahindi yote ndani ya nyumba, akayapanga kwenye chumba cha watoto.

Edwin, mtoto wao mkubwa, alihamia sebuleni akinung'unika. Oliva, mdogo wake mwenye miaka sita, aligoma kuhama. Yeye aliona bahati. Magunia yalipopangwa yalikuwa bapa na mapana kama kitanda cha mfalme. Mama yake, Hilda, alitandika godoro juu yake, na Oliva akalala huko kila siku. Wageni wakija, watoto wao waligombea nafasi.

"Mimi nalala juu ya mahindi!" mmoja angepiga kelele.

"Na mimi! Na mimi!"

Hilda alicheka tu. Hata yeye alipokuwa mdogo alilala hivyo kwa bibi yake. Nyumba nyingi za wakulima baada ya mavuno ziko hivyo. Mgeni akikosa kitanda, anatandikiwa juu ya magunia, na anashukuru.

Mvua za kwanza zilipoanza, mambo yakabadilika. Hilda alipofagia chumba kile, alikuta unga mweupe chini ya magunia. Akainama, akatega sikio. Ndani ya gunia kulikuwa na sauti ndogo, kre, kre, kre. Walikuwa dumuzi, wale wadudu wadogo weusi wanaotoboa punje na kuacha maganda.

Anselmo alipoonyeshwa, alikaa chini akashika kichwa. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula cha mwaka mzima, na ndiyo ada ya Edwin.

"Wanatumaliza," alisema. "Wanatumaliza hivi hivi tunawaangalia."

"Baba Edwin, mpigie simu Subira," Hilda alisema.

Subira alikuwa jirani yao. Alikuwa bibi shamba, mzaliwa wa Lindi, na alipanga nyumba iliyofuata baada ya ua wa mabati. Siku hizo alikuwa Tunduru, akizunguka kwa wakulima wa korosho wa Nalasi na Nakapanya. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwambia Hilda, "Nikirudi nitakuja niyaone mahindi yenu. Msiweke kitu chochote kabla hatujaongea."

Anselmo alitikisa kichwa. "Nimpigie bibi shamba kwa ajili ya dumuzi? Dumuzi nimezaliwa nao. Yeye akirudi atakuta maganda."

Akaenda sokoni. Alirudi na vidonge vya kijivu, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na gazeti limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Havikuwa na kopo. Havikuwa na maandishi. Mchuuzi alimwambia atie ndani ya kila gunia, afunge chumba, asubiri siku kadhaa.

Hilda alivitazama kwa mbali. "Havitudhuru sisi?"

"Ni dawa ya wadudu, Mama Edwin. Kwani wewe ni mdudu?"

Watoto walicheka. Hilda naye akacheka, lakini moyo haukutulia. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Angeweza kumpigia Subira mwenyewe. Akasema moyoni kwamba atapiga jioni. Jioni ikaja na kazi zake, kwa maana Jumapili ile Edwin alikuwa anapata kipaimara, na nyumba ilikuwa inasubiri wageni. Hakupiga.

Anselmo aliweka vidonge, akafunga mlango wa chumba. Oliva akalala sebuleni na kaka yake, amenuna.

Jumapili ikafika kabla siku za mchuuzi hazijaisha. Askofu alimpaka Edwin mafuta matakatifu, na kanisa likajaa vigelegele. Baada ya misa ukoo wote ulimiminika Lizaboni. Kulikuwa na pilau, kuku, ugali, na dagaa wa Nyasa ambao mgeni mmoja alikuja nao. Mama yake Anselmo, Bibi Kunegunda, alikuwa amekuja kutoka kijijini tangu Jumamosi. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha Hilda, kama inavyompasa mama mkwe.

Mgeni aliyemtia Hilda wasiwasi alikuwa Brigita, mke wa kaka yake Anselmo. Familia hizo mbili zilikuwa zimenuniana karibu mwaka mzima kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hilda ndiye aliyetuma mwaliko, na hakujua kama Brigita atakuja. Alikuja. Alikuja na ndoo ya togwa kichwani, jasho linamtoka.

"Karibu, dada Brigita," Hilda alisema, akampokea ndoo.

"Nimeshakaribia. Nimesema kipaimara cha mtoto wetu hakiwezi kupita bila togwa yangu."

Alisema "mtoto wetu". Hilda alilisikia neno lile, akatabasamu.

Sasa, kwa desturi yao, mwenye kuleta kinywaji hukionja kwanza mbele za watu. Anakunywa funda, anajifuta mdomo, ndipo wengine wanapewa. Ni njia ya kusema kwamba humo hamna kitu kibaya. Lakini siku ile wageni walikuwa wameshakaa na kiu yao. Vijana waliipokea ndoo, wakachota, wakagawa. Brigita alikuwa bado anasalimia watu. Hakuna aliyekumbuka desturi, hata yeye mwenyewe.

Mara mvua ikashuka. Ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti. Wote waliokuwa uani walikimbilia ndani. Sebule ikajaa. Chumba cha Hilda kikajaa akina mama wenye watoto wachanga.

"Mkamwana," Bibi Kunegunda alimwita Hilda, "nitafutie mahali ninyooshe mgongo. Misa ya Askofu ni ndefu, na mimi si msichana."

Hilda alimtazama mume wake. "Kimebaki chumba cha mahindi."

"Kinafaa," Anselmo alisema. "Nimekifungulia dirisha tangu asubuhi. Harufu imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Hilda alipoingia na godoro, alisikia harufu nzito, kama ya vitunguu saumu vilivyochanganyika na samaki aliyeoza. Alisimama mlangoni. Kitu ndani yake kilimwambia ageuke. Lakini nyumba nzima ilinuka pilau na dagaa siku ile. Akasema ni dagaa. Akatandika godoro juu ya magunia. Mvua ilikuwa inaingia dirishani, akafunga dirisha.

Oliva alimwona bibi yake akipanda, akaja mbio. "Bibi, na mimi! Mimi ndiye mwenye kitanda hicho!"

"Njoo, mke mwenzangu," Bibi alimtania. "Njoo unipashe joto."

Sebuleni muziki ulikuwa juu. Hilda akafunga na mlango, ili walale vizuri.

Kabla mvua haijapungua, mlango ule ulifunguka. Oliva alitoka amejishika ukuta. Alipiga hatua kama mtu aliyelewa, akainama, akatapika katikati ya sebule. Muziki ulizimwa.

"Mama," alisema, "kichwa kinagonga."

Hilda alimwinua. Mtoto alikuwa na jasho la baridi, na midomo yake ilikuwa mikavu. Nyuma yake akatoka Bibi Kunegunda, polepole, mkono kifuani.

"Hata mimi sijisikii," Bibi alisema. "Kifua kimebana. Nipelekeni jikoni nikapate hewa."

Jiko la kuni lilikuwa nje, kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba, wazi upande mmoja. Wakamkalisha huko. Ndani ya nyumba watu walikuwa wanatazamana. Mtoto na bibi, wote kwa wakati mmoja. Watu walikuwa wamekula nini? Watu walikuwa wamekunywa nini? Mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa sauti, "Hii togwa, nani aliionja?"

Macho yote yalimwendea Brigita.

"Mimi niliionja nyumbani," Brigita alisema.

"Nyumbani kwako nani alikuona?"

"Jamani! Nije na sumu mbele ya Sakramenti? Nimpe mama mkwe wangu sumu?" Sauti yake ilivunjika. "Mmeniitia nini basi?"

Hilda alitaka kusema neno. Alikumbuka mpaka wa shamba, akakumbuka mwaka mzima wa kununiana, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulisikika kuliko maneno ya yule mzee. Brigita alimtazama, akasubiri, kisha akachukua kitenge chake akatoka barazani, akasimama kwenye mvua iliyokuwa inarushwa na upepo.

Oliva alitapika tena. Alisema ana kiu, ana kiu sana. Hilda hakujua la kufanya. Mmoja alisema apewe maziwa. Mwingine alisema ni malaria. Mwingine alisema tumwache alale, usingizi utamsaidia, mvua ikipungua tutampeleka hospitali.

Alale wapi? Sebule ilikuwa imejaa watu na kelele. Hilda akambeba binti yake, akamrudisha chumbani. Akamlaza juu ya magunia ya mahindi. Akamfunika vizuri mpaka shingoni. Akafunga mlango taratibu, ili asisumbuliwe.

Alisimama nje ya mlango ule akisali Salamu Maria. Kila alipofika katikati alisahau maneno. Edwin alipita karibu naye na kikombe mkononi.

"Mama, mimi togwa nimekunywa vikombe vitatu," alisema. "Mbona mimi mzima?"

Hilda alimtazama mwanawe. Neno lile lilimwingia, likakaa, lakini hakujua alipeleke wapi. Kama si togwa, ni nini?

Hapo ndipo hodi iliposikika.

Alikuwa Subira. Alikuwa ameshuka kwenye basi la Tunduru muda mfupi uliopita, na alikuja moja kwa moja akiwa na mwavuli na pakiti ya korosho kwa ajili ya Edwin. Alikuta baraza lina mwanamke analia, na sebule imepoa kama ya msibani.

"Kulikoni, Mama Edwin?"

"Oliva anaumwa, dada Subira. Ametapika. Na Bibi pia. Tunafikiri ni chakula."

Subira alisogea kwenye korido. Akasimama. Pua yake ikacheza. Akainua mkono watu wanyamaze.

"Mmeweka vidonge kwenye mahindi?"

"Eeh," Anselmo alijibu. "Vya dumuzi. Kwa nini?"

"Mtoto yuko wapi?"

Hilda alikuwa ameshauona uso wa Subira. Aligeuka, akausukuma mlango.

"Zuia pumzi!" Subira alipiga kelele. "Mchukue, toka! Usikae humo! Nyie wote tokeni nje! Nyumba nzima, tokeni!"

Hilda alimnyakua Oliva pamoja na shuka lake. Kichwa cha mtoto kilining'inia begani kwake. Alipita sebuleni, akapita barazani, akaenda moja kwa moja kwenye mvua, na hakusimama mpaka alipofika kwenye baraza la Subira. Nyuma yake ukoo mzima ulitoka mbio, akina mama na watoto wao, wazee na viti vyao.

"Wengine tukae tu sebuleni, si chumba kile ndicho kibaya?" yule mzee aliuliza.

"Kuta zenu hazifiki kwenye bati, mzee wangu," Subira alisema. "Hewa ya chumba kile inapita juu, inapita chini ya mlango. Kaa nje."

Anselmo alikuwa ameokota ndoo ya maji. "Nikavimwagie maji vidonge, nivizime!"

"Weka ndoo chini!" Subira alimshika mkono. "Ukivimwagia maji utaviongeza nguvu. Unyevu ndio unaovifanya vitoe gesi. Zunguka nje, fungua dirisha ukiwa nje, usiingie. Halafu usimruhusu mtu kuingia mpaka waje wenye vifaa. Mimi nawapigia simu ofisini."

Kisha akamgeukia Hilda. "Bajaji iko wapi? Mpelekeni hospitali sasa, na Bibi naye aende, hata kama anasema ameshapata nafuu. Daktari akikuuliza, usiseme chakula. Mwambie amevuta gesi ya vidonge vya kufukizia mahindi. Sema hivyo hivyo, tangu mlangoni."

Bajaji ilipatikana. Aliyeilipia na kuingia wa kwanza kumshika Bibi Kunegunda alikuwa Brigita. Hakuna aliyemwomba.

Hospitalini Hilda alisema kama alivyofundishwa, tangu mlangoni. Wahudumu hawakupoteza muda. Oliva aliwekewa oksijeni. Aliwekewa dripu, na vijiwaya kifuani vya kuangalia moyo. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini.

"Atapona?" Hilda aliuliza.

"Mama, sitakudanganya. Sumu hii haina dawa ya kuifuta. Hakuna sindano nitakayomchoma iishe. Tunamsaidia kupumua, tunautazama moyo wake, tunasubiri mwili wake ushinde. Mmefanya vizuri kusema mapema ni nini. Wengi wanatuambia ni chakula, tunahangaika na chakula."

Basi wakasubiri. Kusubiri huko Hilda hatakusahau. Alikaa kwenye benchi na kiatu kimoja cha Oliva, kingine kilidondoka njiani. Alisikiliza kila hatua kwenye korido. Muuguzi akipita haraka, moyo wake ulisimama. Muuguzi akipita polepole, alihofu zaidi. Aliona mikono yake mwenyewe ikimfunika mtoto mpaka shingoni. Aliiona ikifunga mlango taratibu. Alitaka kuikata mikono ile.

Anselmo alikuja ameloa chapachapa. Alikaa pembeni yake. Halafu akasema, "Nilikuuliza kama wewe ni mdudu." Akaanza kulia, mwanaume mzima, mbele ya watu.

Upande wa pili wa korido alikaa Brigita. Alikuwa amemwegemeza mama mkwe wao begani. Bibi Kunegunda alikuwa amechunguzwa, ameambiwa atalazwa mpaka kesho aangaliwe. Hilda alinyanyuka, akavuka korido, akapiga magoti mbele ya Brigita.

"Dada. Nilinyamaza."

"Ulinyamaza," Brigita alisema.

"Nilijua si wewe. Moyo ulijua, mdomo ukanyamaza. Nisamehe."

Brigita alitoa mkono mmoja, akakitwaa kile kiatu cha Oliva kilichokuwa na matope, akaanza kukifuta na ncha ya kitenge chake.

Oliva alishinda. Haikuwa haraka. Kulikuwa na siku ambayo moyo wake ulikwenda ovyo, na daktari hakuondoka kando ya kitanda chake. Lakini asubuhi moja alifungua macho, akauliza kama kaka yake amemaliza korosho. Hilda alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akamletea kiti.

Walipotoka hospitali hawakurudi nyumbani kwao moja kwa moja. Walikaa kwa Subira. Wataalamu walikuwa wamekuja na barakoa maalumu za gesi, wakatoa magunia, wakatoa mabaki ya vidonge, wakaacha nyumba wazi ipigwe na upepo. Walikataza mtu kurudi mpaka watakapoipima hewa na kuridhika.

Siku moja, wakiwa wanakunywa chai, Anselmo aliuliza swali lililokuwa linamchoma.

"Bibi shamba, lakini hii si dawa? Inauzwa. Watu wanaitumia."

"Ni dawa, baba," Subira alisema. "Lakini si ya nyumbani. Ni ya ghala lililo mbali na watu. Mahindi yanafunikwa turubai lisilopitisha hewa. Aliyefundishwa ndiye anayeweka, anabandika tangazo la hatari, halafu anapima hewa kabla mtu hajaingia. Na haiuzwi kwenye gazeti. Inakuwa kwenye kopo lake, lina maandishi na alama ya fuvu. Ukiuziwa dawa isiyo na kopo, umeuziwa usichokijua."

"Mchuuzi alisema inaua wadudu."

"Inaua kinachopumua. Mdudu anapumua. Wewe hupumui?"

Anselmo aliinamisha kichwa. Subira hakufurahi kumwona hivyo. Akamwongezea chai.

"Nikwambie kitu kitakachokuuma zaidi?" aliuliza. "Dumuzi wako wengi walikuwa wazima. Magunia yale yanapitisha hewa. Gesi ilitoka, ikawafuata nyie. Dumuzi wakabaki wanakula."

Hata Hilda, aliyekuwa na hasira na vidonge, na mchuuzi, na mume wake, na yeye mwenyewe, hakujua acheke au alie. Mahindi mengi yalikuwa yamegeuka vumbi. Wangenunua unga kabla ya mavuno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

"Mimi kosa langu lilikuwa dogo kuliko vidonge hivyo," Hilda alisema. "Simu ilikuwa mfukoni. Nilikuwa na wasiwasi, na nilikuwa na mtu wa kumuuliza, ng'ambo ya mabati haya. Sikuuliza."

"Utauliza safari nyingine, inshallah," Subira alisema.

Mavuno yaliyofuata waliuliza kila kitu. Subira alikuja mwenyewe. Kwanza alitaka mahindi yaanikwe juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Yalipokaa juani siku nyingi, Anselmo aling'ata punje, ikalia ka!

"Makavu haya," alisema.

"Meno yako yanakudanganya," Subira alisema. "Oliva, niletee chupa ya kioo iliyokauka na chumvi kavu."

Alitia mahindi kwenye chupa, kiasi cha kutojaa nusu, akatia vijiko vya chumvi, akafunga. Akampa Oliva atikise. Oliva alitikisa mpaka nywele zikacheza. Wakaiacha kidogo itulie, kisha wakatazama. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo.

"Hayajakauka," Subira alisema. "Unyevu wa mahindi umeishika chumvi. Yakikauka sawasawa, chumvi itaanguka chini yote, kioo kitabaki safi. Mkiyafungia hivi yataota ukungu, na ukungu wa mahindi nao ni sumu."

Wakayaanika tena. Walipojaribu mara nyingine, chumvi ilishuka chini, kioo kikabaki safi. Oliva alipiga makofi.

Kisha ikaja mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Subira aliwaonyesha namna ya kujaza, kushindilia hewa itoke, kusokota mdomo wa kila nailoni peke yake, kuukunja na kuufunga kamba kwa nguvu.

"Dawa iko wapi?" Anselmo aliuliza.

"Hakuna dawa. Dumuzi aliyebaki humo atakosa hewa, atakufa mwenyewe. Sharti moja tu, msifungue fungue, na panya asitoboe."

Stoo ya nje ilijengwa upya kwa tofali za kuchoma, ikawekwa mlango wa chuma na kufuli. Ndani waliweka chaga za mbao, mifuko isiguse sakafu wala ukuta. Wezi? Anselmo alichukua mbwa wawili kwa rafiki yake, wakali kuliko yeye.

Chumba chenye joto kilirudi kwa watoto. Oliva alipewa kitanda cha kweli, chenye miguu minne. Siku za kwanza alilalamika kwamba kitanda hiki hakina raha, hakina mahindi. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, Hilda bado alivuta pumzi ndefu puani, akanusa. Pengine ataendelea kunusa maisha yake yote.

Mvua ziliporudi, walifungua mfuko wa kwanza. Familia nzima ilisimama kuuzunguka, na Bibi Kunegunda alikuwa amekuja kutoka kijijini kwa ajili hiyo tu. Anselmo alifungua kamba. Akaingiza kiganja, akakitoa. Punje zilikuwa nzima, zinang'aa, kama siku zilipoingia. Hakukuwa na unga. Hakukuwa na sauti.

"Hee!" Bibi alisema. "Wamelala wote."

"Hawajalala, mama. Wamekufa," Anselmo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita alicheka kicheko chake cha zamani.

Waliyasaga mahindi yale, wakapika ugali, wakawaita watu. Subira alikuja. Yule mzee wa ukoo alikuja, akiwa mpole kidogo. Na jua lilipokuwa limesimama juu, Brigita alitokea njiani, ndoo kichwani.

Alikuwa hajapika togwa kwa mtu yeyote tangu siku ile. Hilda alijua. Mtaa mzima ulijua.

Brigita alitua ndoo mbele ya watu. Safari hii hakusahau desturi. Alichota kikombe, akakinyanyua. Watu wote waliutazama mdomo wake.

Hilda akasogea. Akakichukua kikombe mkononi mwa Brigita kabla hakijafika kinywani. Akanywa, funda moja, funda la pili, mpaka chini. Hakujifuta mdomo.

"Tamu," alisema. "Dada, mchotee Oliva."